Kuvu za Jangwani na Ufuta wa Saza

Pasua shina la ufuta uliokauka kabla maganda yake hayajajaa. Anza chini, pale shina linapokutana na mzizi. Ukikuta ndani kuna unga mweusi kama vumbi la mkaa, usililaumu jua peke yake. Unga huo ni vijipande vigumu vya kuvu ambayo wataalamu huiita Macrophomina phaseolina. Vijipande hivyo hukaa ardhini miaka kadhaa vikisubiri, na kinachoviamsha ni hali ileile inayomkosesha mkulima usingizi: joto la nyuzi 30 hadi 35, na udongo kukauka wakati mmea umeanza kubeba. Kuvu hii hushambulia aina zaidi ya 500 za mimea. Ufuta umo, mahindi yamo, mtama, alizeti, karanga na soya vimo pia, kwa hiyo hata kubadilisha zao mwaka hadi mwaka hakuifukuzi kirahisi.

Huku Saza, Wilaya ya Songwe, wageni hutujua kwa dhahabu ya Lupa. Lakini mchimbaji wa hapa mara nyingi ana shamba, na shamba lenyewe linategemea mvua inayoanza Novemba na kukoma Aprili. Baada ya hapo ni miezi sita ya vumbi. Ndiyo maana habari za kuvu zinazotolewa kwenye udongo wa jangwani ili zilinde mizizi ya mazao zinanigusa sana. Nimewasikiliza watu wakizijadili kwenye maduka ya pembejeo na vikao vya vikundi, na naona zinaharibiwa na pande mbili: wanaozikataa bila kuzijua, na wanaozisifu kupita kiasi ili wauze. Msimamo wangu nautoa mapema. Kuvu hizi ni walinzi wa mzizi. Si waganga wa mmea. Nitayajibu madai ya pande zote mbili.

"Kuvu ndiyo inayoozesha mizizi. Utazimaje moto kwa petroli?"

Dai hili nalipa heshima yake, maana wanaolitoa ni watu waliowahi kupoteza kitalu kizima cha nyanya kwa kinyausi. Lakini kuvu, au fangasi kama wengi tunavyoziita, si ukoo mmoja wenye tabia moja. Kusema zote ni ugonjwa ni sawa na kusema wanyama wote ni chui. Mwaka 1932 mtafiti Richard Weindling, akiwa Marekani, alieleza jinsi kuvu ya jamii ya Trichoderma inavyoziwinda kuvu nyingine ardhini. Nyuzi zake hujizungusha kwenye nyuzi za adui kama mmea utambaao unavyouzunguka mti, hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ukuta wa adui, kisha hula kilichomo. Leo, jirani zetu wa Thika nchini Kenya wanayo kampuni, Real IPM, inayozalisha Trichoderma asperellum kwa ajili ya wakulima.

Wala si lazima tuvuke mpaka kuutafuta mfano. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu takriban 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Silaha mojawapo iliyotafutwa dhidi yake ni Aflasafe, iliyosajiliwa nchini mwaka 2018, na ndani ya Aflasafe mna Aspergillus flavus hiyohiyo, ila ya koo zisizotengeneza sumu, zilizopatikana humuhumu Tanzania. Hubebwa na punje za mtama zilizofishwa ili zisiote. Mkulima huzitawanya shambani wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua, kilo 4 kwa ekari, nazo huwahi nafasi na chakula kabla ya zile zenye sumu kufika. Najua, sumukuvu si ugonjwa wa mizizi. Lakini kanuni ni ileile: kuvu hupambana na kuvu, na anayewahi ndiye anayekikalia kiti.

"Jangwani hakuna uhai. Kitatoka nini huko?"

Hapa ndipo penye habari inayonifurahisha kuliko zote. Miaka ya 1990, katika jangwa la Thar lililoko Rajasthan, India, timu ya Profesa Ajit Varma ilichunguza udongo wa kwenye mizizi ya miti miwili. Mmoja ni Ziziphus nummularia, ndugu wa karibu wa mkunazi wetu. Wa pili ni Prosopis juliflora, ule ambao Wakenya huuita mathenge. Katika mchanga huo unaochomwa na jua walikuta kuvu ambayo haikuwa imejulikana. Mwaka 1998 ikaelezwa kisayansi kwa jina la Piriformospora indica, kwa kuwa spora zake zina umbo la tunda la pea. Siku hizi huitwa Serendipita indica.

Kuvu nyingi zinazoishi kwa ushirika na mizizi haziwezi kukuzwa bila mmea hai, na ndiyo sababu ni vigumu kuzizalisha kwa wingi. Hii ya Thar hukua vizuri hata kwenye chupa ya maabara, kwa chakula cha kawaida. Tena haichagui sana mwenyeji. Huingia kwenye mizizi ya shayiri, mahindi na nyanya, na hata ya kabeji, mmea ambao kwa kawaida haushirikiani na kuvu za mizizi.

Mwaka 2005 Frank Waller, Karl-Heinz Kogel na wenzao nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya majaribio ya shayiri iliyopandikizwa kuvu hiyo. Mimea ilivumilia chumvi, ikastahimili Fusarium culmorum inayoozesha mizizi, na majani yake yakawa na kinga zaidi dhidi ya ubwiri unga, ingawa kuvu yenyewe ilikuwa chini kwenye mizizi. Jambo lililonifanya nisome tena sehemu hiyo ni hili: zilipowekwa pamoja kwenye sahani ya maabara, kuvu ya jangwani haikuua ile ya ugonjwa. Kazi iliifanya ndani ya mmea. Iliuamsha mmea mapema, ukaweka ulinzi wake tayari kabla adui hajabisha hodi. Kwa hiyo zipo kuvu zinazopigana, kama Trichoderma, na zipo zinazomfundisha mwenye nyumba kujilinda.

Jangwa si utupu, basi. Ni mahali ambapo kiumbe dhaifu hakidumu. Kuvu inayoishi huko hulazimika kuwa na spora zenye ukuta mnene, mara nyingi pia rangi nyeusi inayokinga dhidi ya jua kali, na uwezo wa kulala kipindi kirefu na kuamka haraka yanapodondoka matone machache ya mvua.

"Sawa, lakini Saza si jangwa."

Si jangwa, kweli. Lakini mtazame adui tuliyeanza naye: anapenda joto na ukavu. Koo nyingi za kawaida za Trichoderma hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 25 na 30, na hulegea joto linapopita 35. Uso wa udongo mtupu katika nchi za joto unaweza kupita nyuzi 50 mchana wa kiangazi. Mlinzi anayezirai saa sita mchana hafai dhidi ya mwizi anayependa saa sita mchana. Hapo ndipo kuvu za maeneo makavu zinapokuwa na maana kwetu, kwa sababu zimezoea hali kama ya msimu wetu wa Mei hadi Oktoba.

Hata hivyo simuungi mkono anayesema kwamba kitu kikitoka jangwani basi kitashinda popote. Udongo wa jangwani una wapangaji wachache. Shamba lililowekwa samadi, likanyeshewa Januari nzima, lina viumbe wengi wanaogombea kila chembe ya chakula, na mgeni aliyezoea upweke anaweza kuzidiwa. Majaribio mengi ya kuvu hizi yalifanywa kwenye vyungu na vyumba vilivyodhibitiwa. Shamba lina ukaidi wake.

"Mwagia mmea unaonyauka, utauona ukiinuka ndani ya siku tatu."

Hili ni dai la wauzaji, na ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linamtoa mkulima fedha wakati amekata tamaa. Jani la nyanya linapoanza kulegea kwa mnyauko fuzari, ugonjwa una siku nyingi ndani. Umeingia kupitia mzizi, umepanda kwenye mishipa ya maji na kuiziba. Kuvu ya ulinzi haina njia ya kwenda kuizibua mishipa hiyo. Mahali pake ni kwenye mbegu, kwenye udongo wa kitalu, au kwenye shimo siku ya kuhamisha miche, ili ienee juu ya mzizi mchanga kabla adui hajafika. Siku hizo chache ndizo zinazoamua. Ukichelewa, umeajiri mlinzi baada ya nyumba kuibiwa.

Nimewahi kuangukia mtego huu mwenyewe. Niliuziwa pakiti ya unga wa kuvu katika duka moja, nikamwagia nyanya zilizokwisha kulegea, zikafa zote. Baadaye ndipo nilipotambua kosa la pili. Pakiti ile ilikuwa imekaa muda mrefu chini ya bati, karibu na dirisha lenye jua. Bidhaa hizi ni viumbe hai. Zina tarehe ya mwisho, zinataka kivuli na ubaridi, na zikiishafia kwenye rafu unachonunua ni vumbi.

Tangu hapo, kabla ya kupanda, nafanya jaribio dogo. Napika wali kidogo bila mafuta wala chumvi, nauacha upoe, nauweka kwenye vikopo viwili vilivyooshwa kwa maji ya moto. Kimoja natia chembe ya unga, kingine naacha bila kitu. Nafunika vyote na kuviweka kivulini. Bidhaa ya Trichoderma iliyo hai huota ndani ya siku tano au sita, ikaanza nyeupe kisha kijani. Ikiwa vikopo vyote viwili vimeota sawasawa, ukungu umetoka hewani na jaribio halina maana. Ikiwa hakuna kilichoota kwenye kile chenye unga, siupeleki shambani. Wali huo hauliwi na mtu wala kuku. Naufukia bila kuunusa.

"Ni cha asili, hakiwezi kumdhuru mtu wala shamba."

Asili ndiyo iliyotupa sumukuvu. Huko Sudan, kuvu ya udongo mkavu iitwayo Madurella mycetomatis huingia mguuni kwa mwiba au kidonda, ikauvimbisha na kuutoboa kwa miaka, na wengi wamekatwa mguu kwa sababu yake. Khartoum ilianzisha kituo maalumu cha utafiti wa ugonjwa huo mwaka 1991, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Huko Arizona na California, kuvu ya Coccidioides hukaa kwenye udongo mkavu, na mtu akivuta vumbi lake anaweza kuugua mapafu. Kwa hiyo anayekushauri uchote kiroba cha mchanga wa nchi kame ukautawanye shambani, ukidhani unapanda kuvu nzuri, anakuhatarisha. Ndani ya kiroba hicho mna viumbe wa kila namna. Kinachofaa kufika shambani ni koo moja iliyotengwa, ikatambuliwa, ikapimwa, ikakuzwa peke yake.

Na kumbuka ule mti wa mathenge ambao mizizi yake ilitupa kuvu ya Thar. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliletwa Baringo, Kenya, kwa nia njema kabisa, kuzuia ardhi isigeuke jangwa. Ukasambaa ukafunga malisho na njia za maji, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Wakazi waliishtaki Serikali, wakamfikisha mpaka mbuzi asiye na meno mahakamani. Kuvu huenda pasipoonekana, na hakuna atakayeing'oa kwa jembe ikishaenea. Ndiyo maana natetea utaratibu wa usajili ambao wengine wanauona kama usumbufu. Kwetu kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Pakiti isiyo na namba ya usajili irudishe kwa muuzaji, hata kama ina picha ya ngamia.

"Dawa za viwandani zinatosha."

Zina nafasi yake, na sitamlaumu anayezitumia kwa vipimo. Mbegu iliyopakwa dawa huvuka salama wiki zake za kwanza. Lakini dawa haikui pamoja na mzizi. Mzizi unarefuka kila siku kuingia kwenye udongo ambao haujaguswa na dawa, na kuvu hai ndiyo inayoweza kurefuka nao. Hata gesi kali ya methili bromidi, iliyoua karibu kila kitu ardhini, ilikuwa na aibu hiyo: udongo ukishakuwa mtupu, wa kwanza kurudi angeweza kuwa adui yuleyule, naye akakuta hakuna wa kumzuia. Dunia iliiondoa kwenye kilimo cha kawaida kupitia Itifaki ya Montreal kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, na kwa nchi zinazoendelea mwisho ulikuwa 2015.

Kosa kubwa ni kuchanganya viwili bila kusoma. Dawa ya kuua kuvu iitwayo kabendazimu huua Trichoderma kama inavyoua fuzari. Mbegu ya dukani yenye rangi nyekundu au ya kijani imekwisha kupakwa dawa, hivyo ukiipaka kuvu juu yake huenda unaua ulichonunua. Weka kuvu kwenye mboji au kwenye shimo, au tumia mbegu isiyopakwa.

"Ardhi ya Saza imekwisha kwa dhahabu. Hakuna kuvu itakayokubali kuishi."

Tutenganishe mahali na mahali. Karibu na mialo ya kuoshea dhahabu, na pale yalipomwagwa marudio, yaani mabaki ya mchanga wa dhahabu, yenye zebaki au sianidi, nakubali: usipoteze fedha yako hapo. Zebaki ni sumu kali ya kuvu, kiasi kwamba zamani misombo yake ilitumika duniani kupaka mbegu zisioze. Irak, mwaka 1971, ngano ya mbegu iliyopakwa dawa hiyo iliishia kwenye mikate na mamia ya watu wakafa. Ardhi ya namna hiyo haifai kuvu, wala haifai mchicha wa kulisha watoto. Lakini shamba lililo mbali na mwalo, juu ya mkondo wa maji, halina hatia. Tusilizike lililo hai pamoja na lililokufa.

Lipo pia dai kwamba hivi ni vitu vya nje, sisi hatuna uwezo navyo. Chuo Kikuu cha Sokoine kilitengeneza Nitrosua, bakteria wa kurutubisha soya, tangu karne iliyopita. Kibaha kuna kiwanda kilichozinduliwa 2015 kwa teknolojia ya Kuba, kinachozalisha bakteria wa kuua viluwiluwi vya mbu. Uyole, Mbeya, kuna kituo cha utafiti wa kilimo kilichotupa maharage tunayoyaita kwa jina lake. Na nyanda zetu kavu, kuanzia bonde la Rukwa hadi Dodoma na Singida, zina kuvu zake zilizozoea joto. Ningependa kuona wanafunzi wetu wakizitafuta chini ya mikunazi yetu wenyewe, kama Aflasafe ilivyotafutwa kwenye udongo wetu.

"Ukishaweka kuvu, huhitaji kingine."

Waulize wakulima wa Kenya ya magharibi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uozo wa mizizi uliangamiza maharage yao, hasa upande wa Kakamega na Vihiga. Mmoja wa wahusika wakuu alikuwa Pythium, ambaye kwa kweli si kuvu halisi. Yuko karibu zaidi na mwani, na dawa nyingi za kuvu hazimgusi. Walichofanya wakulima hao ni kuunganisha mambo: mbegu zinazovumilia kama KK8 na KK15, matuta ili maji yasituame, mbolea ya kijani kuijenga ardhi iliyochoka. Kuvu ya ulinzi inapaswa kuingia ndani ya safu hiyo. Kwenye udongo usio na mboji itakosa chakula, na kwenye tuta linalotuama maji itazama pamoja na mmea.

Kwa hiyo, mwenye ufuta Saza asiniamini mimi wala muuzaji. Atenge mistari minane. Minne apande kwa mboji iliyochanganywa na kuvu, minne kwa mboji tupu ya lundo lilelile, akiipishanisha mmoja huu mmoja ule, ili kipande chenye rutuba kisimdanganye. Mbegu moja, siku moja, palizi moja. Aprili, mvua zikikata, apite na kisu akate mashina 20 kila upande, ayapasue chini, ahesabu yenye unga mweusi, na aandike hesabu hiyo kwenye daftari kabla hajapeleka gunia hata moja ghalani.